Jinsi ya Kumtambua Mtoto Mwenye Mahitaji Mengi ya Kitabibu Akiwa Wodini

Mtoto amelazwa kwa nimonia. Faili linasema nimonia, na kila anayepokea zamu anaambiwa nimonia. Hakuna aliyeandika kwamba ana mtindio wa ubongo, ana kifafa, analishwa kwa mpira wa puani na anatumia dawa tatu asubuhi na jioni. Niliwahi kupokea zamu ya namna hiyo. Dozi mbili za dawa ya kifafa zilikuwa zimerukwa, na alfajiri degedege likaanza. Mama yake akaniambia, "Dawa zake ninazo kwenye mkoba. Nilidhani mnampa za kwenu." Tangu siku ile sisubiri faili liniambie. Natafuta mwenyewe, ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hatua hizi.

Hatua ya 1: Mketishe anayemlea, umsikilize

Usiulize, "Ana ugonjwa gani mwingine?" Wengi watajibu hana, kwa sababu hali waliyoishi nayo miaka hawaiiti tena ugonjwa. Sema hivi: "Mama, nielezee siku yake nyumbani, tangu anapoamka mpaka usiku." Kisha nyamaza. Utasikia mambo ya dawa, ya kumfyonza makohozi, ya kumgeuza usiku, ya mlo mmoja unaochukua saa nzima. Akimaliza, uliza nani humwangalia mama mwenyewe akichoka, maana na hilo ni sehemu ya hali ya mtoto.

Mama mmoja alinionyesha anavyomlaza mwanawe: ubavu wa kushoto, taulo lililokunjwa chini ya bega, kichwa kimeinuliwa kidogo. "Akilala chali anapaliwa," alisema. Faili lake lilikuwa nene, lakini hilo halikuwemo, na ndilo lililotuelekeza kwenye sababu ya nimonia kumrudia kila mara: chakula na mate vilikuwa vikiingia kwenye mapafu.

Hatua ya 2: Pima maelezo kwa mambo manne

Mwaka 2011 daktari wa watoto Eyal Cohen na wenzake walipendekeza mambo manne ya kuwaelezea watoto hawa, nami huyatumia kila siku:

- ugonjwa sugu mmoja mzito, au kadhaa kwa pamoja;
- mwili kushindwa kazi zake za kawaida, kiasi cha kuhitaji msaada au kifaa kama oksijeni, mpira wa kulishia au trakeostomi (tundu la kupumulia shingoni);
- kutumia huduma za afya kupita kiasi cha kawaida: kulazwa mara kwa mara, upasuaji, kliniki za mabingwa mbalimbali;
- mahitaji makubwa ambayo familia yenyewe inayabeba.

Jambo la nne ndilo linalosahaulika, kwa kuwa halionekani kwenye kipimo chochote. Mimi hulipa uzito sawa na mengine.

Hatua ya 3: Mfunue mtoto umwangalie

Kovu katikati ya kifua linaweza kuwa la upasuaji wa moyo. Uvimbe mdogo nyuma ya sikio, wenye mrija unaoshuka shingoni chini ya ngozi, ni shanti, yaani mrija wa kuondoa maji yaliyozidi kichwani. Mtoto huyo akitapika na kusinzia, usikimbilie kusema ni tumbo; huenda shanti imeziba. Angalia tundu la mpira tumboni, miguu iliyokakamaa, vidonda vya kulalia. Mpime uzito kwenye mizani. Kukadiria kwa umri kunadanganya vibaya kwa watoto hawa: wa miaka sita anaweza kuwa na kilo za wa miaka miwili, na dozi itazidi.

Hatua ya 4: Tofautisha mahututi na sugu

Hapa ndipo wenzangu wengi hukosea. Mtoto mwenye malaria kali aliyepoteza fahamu yuko hatarini sana, lakini kama jana alikuwa akicheza na hana historia yoyote, hayumo kwenye kundi hili. Akipona akiwa na ulemavu, ataingia. Mwenye pumu iliyotulizwa vizuri kwa dawa ya kuvuta ana ugonjwa sugu, ila si mgumu. Kipimo kinachosaidia ni kile cha daktari wa watoto Chris Feudtner na wenzake: hali inayotarajiwa kudumu angalau miezi 12, inayogusa mifumo kadhaa ya mwili, au mfumo mmoja kwa uzito wa kuhitaji mabingwa wa watoto na pengine kulazwa hospitali kubwa. Ukibaki na shaka, mhesabu yumo.

Hatua ya 5: Tumia namba za magonjwa kwa tahadhari

Feudtner na wenzake walitoa orodha yao ya magonjwa sugu na magumu mwaka 2000, na mwaka 2014 wakaihuisha ili iende na namba za ICD-10, mfumo wa kimataifa unaoupa kila ugonjwa namba yake. Ni nzuri kwa kuhesabu watoto kwenye takwimu za hospitali. Kitandani ina upungufu: mtoto ambaye ugonjwa wake haujapata jina hana namba, na asiyeandikwa hapatikani. Nao hao ndio mara nyingi wanaohangaika zaidi.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja, uuweke mbele ya faili

Magonjwa yote, dawa na saa zake, uzito, vifaa na saizi zake, namna ya kumlisha na kumlaza, dalili za maumivu kama hawezi kusema, mabingwa wanaomhudumia. Msomee mama ulichoandika akusahihishe. Yeye atagundua kosa kabla yako.

Hatua ya 7: Rudia kabla hajaruhusiwa

Mtoto aliyeingia na dawa tatu anaweza kutoka na tano, au na mpira ambao hakuwa nao. Mwombe mama avute dozi ya kila dawa kwa sirinji mbele yako, na alishe kwa mpira mara moja ukiwa umesimama pale. Mkono ukisita, mwelekeze tena, na tarehe ya kuruhusiwa isogezwe ikibidi. Ukurasa ule urekebishe, nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine aondoke nayo.