Ofisi ikihamia Excel mpya: anayelalamika zaidi ndiye wa kukaa naye kwanza

Ofisi ikinunua kompyuta mpya, bosi huniuliza: semina ya siku ngapi itatosha? Mimi humwomba asiite semina. Kazi yangu ni kufunga programu na kukaa na watumishi mpaka kazi zao zirudi kwenye mstari, na ofisi nyingi ninazoitwa huruka mbali sana: zimetumia Office 2003 mpaka mashine imekata roho, halafu ghafla zinaamkia toleo la sasa. Asubuhi hiyo mhasibu aliyezoea hununa, kijana wa mapokezi hufurahia rangi, na bosi huhitimisha kwamba mhasibu ni mkaidi. Hapo ndipo huanza kukosewa.

Tuelewane kwanza kilichobadilika. Word ya 2003 ilikuwa na pau 31 za vidhibiti, nyingi zikiwa zimefichwa zisikoonekana. Jensen Harris, mmoja wa waliosimamia sura mpya pale Microsoft, alieleza kwamba watu walikuwa wakiomba waongezewe vitu ambavyo tayari vimo ndani ya programu. Kabla ya hapo Office 2000 ilijaribu kuficha amri ambazo mtu hazitumii, ikawa balaa, maana menyu leo iko hivi, kesho iko vingine. Office 2007 ikaamua kufumua kila kitu: menyu zikatoka, vitufe vikapangwa kwenye utepe mpana chini ya vichupo vya Home, Insert, Data na vinginevyo.

Kwa mtu anayefungua Excel kwa nadra, huo ulikuwa msaada. Yeye hata zamani hakuwa anakumbuka kitu kiko wapi, alikuwa anatafuta kwa macho, na sasa vitu viko mbele ya macho. Mzoefu hatafuti. Anajua kwa vidole. Ukimhamishia vitufe, kichwa chake bado ni cha fundi ila mikono imerudishwa darasa la kwanza, tena mbele ya vijana. Kelele zake zina sababu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua nani ni nani, na usiulize "unajua Excel?" maana kila mtu atakujibu "kiasi". Kaa pembeni yake akifanya kazi ya kweli, malipo au orodha ya wanachama, utazame mkono wa kulia. Ukikaa kwenye mausi muda wote, huyu ni mtumiaji wa kawaida. Ukiona mausi imesukumwa mbali, na karibu na kibodi kuna karatasi za risiti, uko na mzoefu. Uangalie pia kila programu peke yake. Katibu muhtasi anaweza kuwa moto wa kuotea mbali kwenye Word, akifika Excel anajumlisha kwa kikokotoo cha mezani na kuandika jibu kwenye seli. Nimewaona wengi, na ni watu hodari.

Anza na wazoefu. Wana kazi nyingi za kuharibika, na wakitulia wao ofisi nzima inatulia.

Habari njema yao ni moja, na inashangaza jinsi isivyojulikana: njia za kibodi za Excel ya 2003, kwa sehemu kubwa, bado zinafanya kazi kwenye Excel ya leo. Menyu hazionekani, lakini herufi zake zimebaki. Nilikwenda kwa mhasibu mmoja wa ushirika, mtu mzima anayekaribia kustaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, nirudishie kompyuta yangu."

Nikamwambia afanye kama alivyozoea, asitazame juu. Akakopi safu ya hesabu, akabonyeza Alt, kisha E, kisha S. Alipogusa E, kikatokea kisanduku kidogo juu ya dirisha kinachomwambia aendelee na herufi za toleo la zamani. Yeye hakukiona hata kidogo, alishafika kwenye S, na dirisha la Paste Special likafunguka. V, Enter. Namba zikakaa bila fomula. Akahamia safu ya pili, ya tatu, kimya, kama dakika nzima hivi. Halafu akasema, "Kumbe ipo."

Zijaribu mwenyewe kabla hujamfundisha mtu, Excel yako ikiwa na lugha ya Kiingereza kwenye skrini. Unabonyeza na kuachia moja baada ya nyingine, hushikilii zote kwa pamoja. Alt, I, R huingiza mstari. Alt, I, C huingiza safu wima. Alt, D, F, F huwasha kichujio na kukizima. Alt, O, C, A hutanua safu ikaenea maandishi. Alt, D, P huleta ule mchawi (wizard) wa zamani wa jedwali egemeo (PivotTable), yaani dirisha linalokuongoza hatua kwa hatua kufupisha data, ambao kwenye utepe hutauona kabisa. Inayokwama ni Alt, F, kwa sababu kichupo cha File kimeshikilia herufi hiyo, na Alt, W, inayokupeleka View. Kwa bahati, kugandisha vichwa vya safu kulikokuwa Alt, W, F kumekuwa Alt, W, F, F, yaani unaongeza F moja tu.

Baada ya hapo mpe mzoefu upau wake. Juu au chini ya utepe kuna upau mwembamba unaoitwa Quick Access Toolbar. Kwenye matoleo ya karibuni huja umefichwa: bofya utepe kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Show Quick Access Toolbar. Kisha tafuta kila amri anayoitumia kutwa, ibofye kwa kulia, chagua Add to Quick Access Toolbar. Ya kwanza inapata njia ya mkato Alt na 1, ya pili Alt na 2, hivyo hivyo. Mwache apange mwenyewe. Ukimpangia wewe utapanga unavyotumia wewe, na kesho utapigiwa simu. Akimaliza, nenda File, Options, Quick Access Toolbar, halafu Import/Export, uhifadhi mpangilio kama faili kwenye flashi. Mashine ikibadilishwa tena mwakani, unaurudisha hapohapo.

Mzoefu mwenye makro, yaani amri alizorekodi ili kazi ijifanye yenyewe, ana jambo la ziada. Vitufe alivyojitengenezea kwenye pau za zamani havikufutwa, vimehamishiwa kichupo cha Add-ins, na watu hudhani vimepotea. Na faili lake akilihifadhi upya liwe xlsm, aina ya faili ya Excel inayobeba makro. Akichagua xlsx, aina ya kawaida, makro hazihifadhiwi. Programu humwonya, lakini onyo lenyewe limeandikwa kiasi kwamba mtu hubonyeza Yes ili liondoke.

Kwa watumiaji wa kawaida usifundishe utepe. Waombe waandike kazi zao tano au sita kwa maneno yao: kuandika barua, kuprinti orodha ya mahudhurio, kujumlisha michango. Tengeneza karatasi moja inayofuata kazi hizo, ibandike ukutani. Ukiandika maelekezo, taja kichupo na jina la kundi la vitufe, usiandike "kitufe cha tatu kutoka kushoto". Utepe hujibana kulingana na upana wa dirisha. Kitufe kilicho kikubwa chenye maandishi kwenye skrini yako, kwenye laptop ndogo ya mwenzako ni kipicha kisicho na jina, au kundi zima limekunjwa likawa kitufe kimoja.

Simu nyingi za kundi hili ni za mambo mawili. "Menyu zimefutika zote" maana yake amebofya kichupo mara mbili bila kujua na utepe umejikunja. Abofye tena mara mbili, au Ctrl na F1. "Jana kulikuwa na sehemu ya kubadili rangi ya jedwali, leo haipo" maana yake hajabofya ndani ya jedwali. Vichupo vya majedwali, picha na chati hutokea tu ukiwa umechagua kitu chenyewe. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo baya kuliko yote kwa mgeni, kwa sababu hakuna kinachomdokeza kwamba kichupo kinakuja na kuondoka. Mwonyeshe kwa macho yake: bofya ndani, bofya nje, mara kadhaa.

Kisanduku cha kutafutia kilicho juu, unachokifikia kwa Alt na Q, ni kizuri ukijua jina la Kiingereza la unachotaka. Wengi wetu tunajua picha na mahali, jina hatujui. Ndiyo maana kwenye ile karatasi ya ukutani ninaweka jina la skrini kama lilivyo pembeni ya kazi ya Kiswahili: "kuunganisha seli za kichwa: Merge & Center".

Makatibu muhtasi wana kilio chao, na hakihusu vitufe. Kuanzia 2007, Word huja na nafasi kati ya mistari ya 1.15 na pointi 10 baada ya kila aya, na matoleo yaliyofuata yamebadilisha vipimo tu, nafasi imebaki. Barua ya serikali yenye Kumb. Na., anwani ya mistari minne na YAH iliyopigiwa mstari, iliyokuwa ikitosha ukurasa mmoja, inamwagikia wa pili, na huko inakwenda saini peke yake. Utaona watu wanapunguza fonti mpaka 10 ili saini irudi. Dawa: kichupo cha Design, Paragraph Spacing, No Paragraph Space, kisha Set as Default palepale jirani. Kuanzia hapo kila barua mpya inafunguka ikiwa imebana.

Kama ofisi haina hela ya leseni, LibreOffice, programu ya bure ya kazi zilezile, inakuachia uchague sura. View, kisha User Interface, na hapo kuna pau za kizamani, kuna vichupo kama vya Microsoft. Mzee mmoja anakaa na za kizamani, kijana wa meza ya pili anakaa na vichupo, na faili ni yaleyale. Natamani watengenezaji wote wa programu wangefanya hivyo.

Kuhusu tarehe, usihamishe mtu wa mishahara mwisho wa mwezi, wala ofisi ya umma ikikaribia Juni 30. Faili za xls, aina ya zamani ya Excel, zikifunguliwa zitaandikwa Compatibility Mode juu na zitabaki na mistari 65,536, ilhali xlsx ina 1,048,576. Zibadilishe moja moja kwa Save As, ukianza na zile zinazotumika kila wiki, na zile za asili ziache kwenye folda yake mpaka wakaguzi wamalize na hesabu za mwaka.