Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Mtwara na Lindi: Tafuta Mwenyeji Kwanza

Wageni wengi wanaofika Mtwara mjini wana sababu inayojulikana: semina, ukaguzi, msimu wa korosho, harusi au msiba. Mgeni anashuka kwenye basi, anaingia gesti, asubuhi anakwenda ukumbini, jioni anakula chipsi kuku zilezile alizokula Dar es Salaam wiki iliyopita, kisha analala. Akirudi kwao na kuulizwa kusini kukoje, anajibu kuna joto na barabara ni ya lami. Mimi ni mkazi wa huku, na kauli hiyo huniuma, maana najua alichokikosa kilikuwa mitaa miwili tu kutoka alipolala. Mambo mazuri ya Mtwara na Lindi hayana kibao cha kuelekeza mtu. Yako uani kwa watu, kwenye baraza la bao, ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na mgeni hufika huko akiwa ameongozana na mtu. Kwa hiyo maandalizi ninayoyazungumzia hapa yanaanza kabla hujakata tiketi.

Anza kwa kutafuta mwenyeji, na usimtafute ukiwa umeshafika. Dar es Salaam ina watu wa kusini wengi mno, hasa Temeke na Mbagala, na hata Dodoma au Mwanza hukosi mfanyakazi mwenzako, mliyesoma naye au muumini mwenzako aliyetoka Newala, Masasi, Nachingwea au Liwale. Mpigie simu wiki mbili kabla. Kumwomba akutafutie chumba hakutakufikisha mbali. Chumba utakipata mwenyewe. Mwambie hivi: "Nina jioni mbili na Jumapili nzima. Nyumbani kwenu nimpelekee nani salamu?" Swali hilo hubadilisha safari yote. Halafu jitolee kubeba mzigo mdogo, kama vile dawa ya mama yake, viatu vya mdogo wake au kitenge cha shangazi. Mtu aliyebeba mzigo wa mwana hapokelewi mlangoni akaachwa hapohapo. Atakaribishwa ndani, atawekewa kiti, na kabla hajamaliza kikombe cha chai ameshapewa kijana wa kumtembeza. Angalizo moja: mzigo ufungwe ukiona kilichomo, hata kama anayekutuma ni rafiki wa miaka.

Ukishapata jina na namba, piga kabla ya kuondoka. Jitambulishe kwa ukamilifu: wewe nani, umetumwa na nani, unafika lini, unaondoka lini. Ukizungumza na mtu mzima, shikamoo itangulie, na habari za nyumbani zichukue nafasi yake kabla ya kusema shida yako. Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa nyumbani. Ukipelekwa kumsalimia mjomba, usione ni kupotezewa muda. Hapo ndipo unapotambulishwa rasmi, na kuanzia siku hiyo una mahali pa kufikia. Na ukialikwa kulala nyumbani badala ya gesti, muulize mwenyeji kama ameshamtaarifu mjumbe. Ni utaratibu wa mtaani wa kawaida, na unakuepusha na maswali.

La pili ni muda, na hapa nasema kwa msisitizo: acha saa tupu kwenye ratiba yako. Rafiki mpya hapatikani katikati ya saa nane na saa tisa kasorobo. Kama kazi yako inaisha Ijumaa, omba urudi Jumatatu. Kama haiwezekani, basi fika siku moja kabla. Wanaokuja na jioni zilizojaa simu na vikao ndio wanaoondoka wakisema mji umepoa.

Kisha tazama kalenda, na kwa pwani hii zipo kalenda zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya mwezi na bahari. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kwa siku hizo hupwa saa nne asubuhi hivi, kisha kila siku husogea mbele kwa karibu saa nzima. Ukiyajua hayo unaweza kumwomba mwenyeji wa Mikindani au Msangamkuu akuunganishe na akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza. Ni saa tatu za kutembea kwenye matumbawe ukiwa na watu wanaolijua kila tundu, na mazungumzo ya huko huyapati ukumbini. Beba yeboyebo au raba kuukuu, maana kuna viumbe wenye miba. Vaa nguo ya kulowa, weka simu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na wakisema turudi, rudi. Maji yakianza kujaa hayamsubiri anayepiga picha. Alichokipata mama ni kitoweo na pesa ya shule, kwa hiyo ukimpata pweza, pweza ni wake. Ukitaka kumla, mnunue.

Kalenda nyingine ni ya korosho. Uvunaji hushika kasi kuanzia Oktoba, na minada nayo huendelea. Miezi hiyo gesti za Mtwara, Masasi na Newala hujaa, bei hupanda, na mwenyeji wako huenda yuko shambani kuanzia alfajiri. Weka chumba mapema, au afadhali omba uende naye. Kuokota korosho chini ya mkorosho hakuhitaji utaalamu: unaokota bibo, unanyofoa korosho, unaweka kwenye ndoo, na hadithi zinaendelea. Usivae shati jeupe, kwa sababu maji ya mabibo yakikauka hayatoki. Kama utapata nafasi ya kukaa na kikundi cha akina mama wanaobangua kwa mkono, vaa glovu au paka majivu mikononi kama wao, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi vibaya. Nunua kwao zilizobanguliwa na kukaangwa. Usikubali kununua korosho ghafi kutoka kwa mkulima kwa bei ya kutupa. Huo ndio kangomba, unamuumiza mkulima, na unakiuka utaratibu wa kuuzia kwenye vyama vya ushirika na maghala. Ukipenda kuelewa mti wenyewe, TARI Naliendele, kituo cha utafiti kinachoshughulikia korosho, kiko nje kidogo tu ya Mtwara mjini. Peleka maombi ya kutembelea mapema, usiende kubisha hodi bila taarifa.

Kalenda ya tatu ni ya ibada na mila. Pwani ya Lindi na Mtwara ina Waislamu wengi. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi hufungwa na mji hutulia, lakini ukialikwa futari umepata heshima kubwa. Nenda na tende au sukari. Jando na unyago mara nyingi huangukia likizo za shule. Unaweza kukaribishwa siku ya kuwatoa wari, yaani vijana waliomaliza mafunzo, kukiwa na ngoma na kinyago cha lipiko kikicheza uwanjani. Furahi, tunza, shangilia. Yale yanayofundishwa ndani usiyaulize, na kamera isitoke mfukoni mpaka mwenyeji aseme itoke.

Naomba nikae kidogo kwenye bao, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kupata marafiki kwa mwanamume aliyefika peke yake, na wanawake wanaocheza nao wapo. Karibu kila mtaa wa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje una baraza lenye bao alasiri. Jifunze kabla hujaja, hata kwa kuchimba mashimo mchangani na kutumia kokoto: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Elewa walau tofauti ya kunamua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi, na mtaji, hatua inayofuata kete za mkononi zikiisha, na ujue nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, ni ipi, ili ukikaa pembeni ufuate kinachoendelea. Ukifika, salimia wote, kaa, tazama. Usijitie kufundisha. Baada ya michezo miwili mitatu mzee mmoja atakuuliza unatoka wapi, na ukisema unajua kidogo atakupisha. Utafungwa. Ukifungwa vizuri, bila kulalamika, kesho yake utaitwa kwa jina. Kahawa na kashata ziko palepale. Lipia ya wenzako mara moja, isiwe kila siku kana kwamba unanunua urafiki.

Ukitaka kuona mambo ya kale, usiache watu nyuma. Mikindani, kama kilomita kumi tu kutoka Mtwara, ina boma la Wajerumani lililojengwa 1895 na nyumba kuukuu za mawe, na ndiko Livingstone aliposhuka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Kuzunguka peke yako ni nusu saa. Kuzunguka na kijana aliyezaliwa hapo ni siku nzima, kwani kila nyumba ina aliyeishi humo. Kwa upande wa Lindi, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti, kwa hiyo fika asubuhi siku ya kazi. Wageni wengi hupiga picha msikiti na kuwahi boti, wakati kijiji cha watu walio hai kiko palepale. Agiza chakula huko kisiwani kupitia kwa anayekuongoza, samaki na wali wa nazi, na umpe taarifa mapema ili apikaye apate muda.

Kuna jingine la Lindi ambalo ni zuri kulijua ukiwa unazungumza na wazee. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, na wachukuzi wa huku ndio walioibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mfupa mkubwa ulikatwa katika mizigo, na mzigo ukawa bega la mtu. Mifupa ile iko Berlin mpaka leo, na mjadala wa kama irudi au la unaendelea. Liulize jambo hilo barazani Lindi na usikilize. Mimi nadhani ni bora kulisikia kutoka kwa watu ambao babu zao walibeba kuliko kulisoma kwenye kibandiko cha makumbusho.

Mengine ni mafupi. Kitambulisho cha taifa tembea nacho, hasa ukielekea vijiji vya kando ya mto Ruvuma, kwani ni mpakani. Malaria ipo, lala kwenye chandarua. Fedha taslimu kidogo zinahitajika vijijini na kwenye mitumbwi. Mvua huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili au zaidi, na Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga na watu wakakwama njiani. Kwa hiyo masika piga simu kwanza kuulizia njia, na uwe na siku ya akiba. Tumbo liandae kwa vya huku: ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha inayouzwa sokoni na stendi, ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga wa Mingoyo. Ukipewa, kula, hata kama ni matonge mawili.

Zawadi nayo isikusumbue. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, sabuni, kanga kwa mama wa nyumba, vinatosha na vinaeleweka. Bahasha ya pesa mkononi mwa mwenyeji aliyekupikia inaweza kumfedhehesha. Kama nyumba ina hali ngumu, muulize aliyekutuma nini kinahitajika, ukinunue sokoni na kukileta kama mtoto wa nyumbani anavyoleta.

La mwisho kuliandaa kabla ya safari ni namna ya kurudisha. Utapiga picha nyingi, na kila mtu atakuambia "usisahau kututumia". Panga kabisa kabla hujaondoka kwenu kwamba wiki ya kurudi utazisafisha studio, si kuzirusha kwenye simu tu, maana bibi wa Msangamkuu hana simu ya kioo. Zitie kwenye bahasha ngumu, uandike jina la mpokeaji na namba ya kijana wake, uikabidhi ofisi ya basi la Mtwara upande wa vifurushi, uchukue risiti, kisha umtumie kijana ujumbe wenye jina la basi, namba yake na siku ya kufika, aende stendi kuichukua.