Hesabu mizunguko bila kuitupa: daftari, kikokotozi na entropia

Chini ya mwembe wangu hapa Isevya, Tabora, baiskeli imegeuzwa miguu juu. Nachora alama ya chaki kwenye rimu, kisha binti wa jirani anazungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu likisimama namwuliza alama iko wapi. Anaonesha mara moja. Namwuliza imezunguka mara ngapi, ananyamaza. Basi tunaanzia hapo, maana jibu la pili ndilo tunalolitafuta.

Pima mahali pa alama, tupaite x, kwa mizunguko: robo ni 0.25, nusu ni 0.5. Kila hatua tumia kanuni hii, ambamo a na b ni namba unazochagua mwenyewe: x mpya = x + a + b × sin(360x). Kikokotozi kiwe kwenye nyuzi. Kikiwa kwenye radiani, kazi yote imeharibika.

Chukua a = 0.5 na b = 0.1, uanzie 0.1. Utapata 0.6588, halafu 1.0748, 1.6200, 2.0516. Ile 1.0748 iandike hivyohivyo. Wanafunzi wangu wengi hufuta ile 1 na kubaki na 0.0748, kwa sababu alama iko palepale kwenye rimu. Ukifuta, umetupa mzunguko mzima. Sasa toa ulipoanzia, gawanya kwa idadi ya hatua: 1.9516 ÷ 4 ni 0.4879. Endelea hadi hatua 100 upate 0.499. Inaelekea nusu, na popote utakapoanzia itaelekea nusu. Mwanahisabati Henri Poincaré alilionesha jambo hili mwaka 1885: mwendo usiovuruga mpangilio wa nukta kwenye duara una namba moja tu ya mzunguko, yaani wastani huo huo mmoja. Kwa kanuni yetu mpangilio haukunjwi mradi b isizidi takriban 0.159, na hapo entropia, yaani kipimo cha kasi ya kuongezeka kwa njia tofauti kila hatua, ni sifuri.

Sasa weka a = 0, b = 1. Anzia 0: unabaki 0. Anzia 0.25: 1.25, 2.25, 3.25. Anzia 0.75: −0.25, −1.25, −2.25. Gurudumu moja, wastani tatu: 0, 1 na −1. Mimi hili bado linanisisimua kila ninapoliandika ubaoni. Seti ya mizunguko, yaani mkusanyiko wa wastani zote, hapa ni kipande chote kuanzia −1 hadi 1, na kipande chenye urefu kwenye duara maana yake entropia ni chanya. Kinyume chake usikidai: seti yenye namba moja, pale mwendo unapokunja, haithibitishi entropia sifuri.

Entropia yenyewe utaiona kwa macho. Tazama sehemu kati ya −0.25 na 0.25. Hatua moja inainyoosha kutoka −1.25 hadi 1.25, kwa hiyo inajifunika yenyewe mara tatu: kwenye mzunguko wa −1, wa 0 na wa 1. Kila hatua njia tatu. Hatua tano, njia 243. Entropia basi haipungui logi asilia ya 3, takriban 1.0986.

Ukihamia kwenye uso wa andazi lenye tundu, kila nukta ina wastani mbili: kuzunguka tundu na kupita ndani yake. Kwa mwendo unaorudishika, unaoweza kulegezwa polepole hadi usisogeze kitu, tafuta mianzo mitatu ambayo wastani zake, ukizichora kwenye karatasi ya grafu, hazikai kwenye mstari mmoja. Ukiipata, wanahisabati Llibre na MacKay walishathibitisha mwaka 1991 kwamba entropia ni chanya.