Kufunga filta ya hewa ya wazi kwenye gari

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini) hupungukiwa nguvu. Wengi hukimbilia filta ya wazi, yaani isiyofungiwa ndani ya boksi. Kulifungua boksi la zamani la filta ni kazi ya bisibisi na spana namba 10. Ugumu uko kwenye sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini.

Chomoa hasi ya betri kwanza. Bomba jipya liwe na kipenyo kilekile pale sensa inapokaa, na mshale wa sensa uelekee injini. Likiwa pana zaidi, kompyuta ya gari husoma hewa pungufu na kumwaga petroli kidogo. Mpira ukivuja baada ya sensa, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hupanda na kushuka. Rudisha pia mpira wa kupumulia injini. Huo husahaulika sana!

Filta ya hewa ya aina ya kupakwa mafuta ipakwe kidogo tu, mafuta yasije yakachafua waya wa sensa. Ikinge joto la ekzosi kwa bati, la sivyo nguvu itapungua. Usiishushe chini ya bampa: maji ya mvua yanayoteremka milimani yakiingia kwenye silinda, koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) hupinda.