Seva ya biashara ndogo: anza na diski na umeme, prosesa baadaye

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye kaunta mbili, mhasibu, mtu wa stoo na meneja. Kompyuta ni nane, mwakani huenda zikafika kumi na mbili. Wote wanatumia programu moja ya mauzo na uhasibu, na pembeni kuna folda za ankara na mikataba. Ofisi ya namna hii ikienda kuulizia seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, swali lake la kwanza huwa prosesa. Kumbe kazi yenyewe haimalizi prosesa hata kidogo. Inamaliza kumbukumbu (RAM), inakwama kwenye diski na inafia kwenye umeme.

Kwanza hakikisha unaihitaji. Kama mnagawana mafaili tu, kisanduku cha NAS, yaani diski za pamoja zinazochomekwa kwenye mtandao wa ofisi, chenye diski mbili kinatosha, na kinakula umeme kidogo. Kama programu ya mauzo iko kwenye wingu, seva haitakusaidia kitu. Hiyo pesa weka kwenye laini ya pili ya intaneti. Wengine huigeuza kompyuta moja ya mezani kuwa seva. Windows ya kawaida inaruhusu vifaa 20 kuunganishwa, kwa hiyo idadi si tatizo hapa. Tatizo ni kwamba ina diski moja, na yupo anayeikalia, ambaye akimaliza kazi jioni anaizima huku kaunta bado inauza.

Ukishaamua, muulize mwenye programu mambo matatu, na akujibu kwa maandishi: inatumia database (ghala la data) gani, inataka kumbukumbu kiasi gani kwa watumiaji kumi, na inakubali mfumo endeshi upi. Nyingi huja na SQL Server Express, database ya Microsoft, kwa sababu ni ya bure. Matoleo yake ya 2016 hadi 2022 yana ukomo wa GB 10 kwa kila database, na hutumia takriban GB 1.4 tu za kumbukumbu kuhifadhi data inayosomwa, hata seva iwe na GB 64. Ukomo ukifika, risiti mpya hazihifadhiki. Watu watailaumu seva, kumbe kilichojaza database mara nyingi ni picha za bidhaa zilizoingizwa humo.

Prosesa moja ya Xeon, aina ya Intel ya seva, yenye viini (sehemu zinazofanya kazi sambamba) 4 hadi 6 inatosha kabisa. Mashine za mnara kama Dell PowerEdge T150 au HPE ProLiant ML30 zimetengenezwa kwa ofisi za ukubwa huu. Jihadhari na mashine ya mtumba yenye prosesa mbili na viini arobaini kwa bei ya kutupa: leseni ya Windows Server Standard huhesabiwa kwa viini, kuanzia 16, hivyo arobaini utavilipia vyote. Juu yake kuna leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa, na hiyo ndiyo wauzaji wengi husahau kuitaja kwenye proforma. Uliza kama mashine inaweza kuja na Windows Server Essentials, ambayo haidai leseni hizo hadi watumiaji 25 na vifaa 50. Linux yenye Samba, programu ya kugawana mafaili, ni bure, ila programu yako lazima iikubali na uwe na fundi anayeijua, tena anayepokea simu.

Kumbukumbu weka GB 32 ya aina ya ECC, ile inayorekebisha biti moja ikigeuka yenyewe kabla haijaharibu hesabu. Nunua vipande viwili vya GB 16 ili nafasi nyingine zibaki wazi. Hapa wengi huumia: seva ndogo za Xeon E hutumia vipande vya aina ya UDIMM, zile kubwa za prosesa mbili hutumia aina ya RDIMM, na zote mbili zimeandikwa DDR4 ECC. Ukichomeka isiyo yake, mashine haiwaki. Nenda dukani na namba kamili ya modeli, usiende na neno "RAM ya seva".

Kwenye diski ndipo pesa iende. Mpango unaofaa ni SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) mbili za GB 480 kwenye RAID 1, yaani data ileile inaandikwa kwenye diski zote mbili, kwa mfumo endeshi na database, na diski mbili za kawaida za TB 4, nazo kwenye RAID 1, kwa mafaili. SSD ziwe za seva, zenye kinga ya umeme kukatika. Ndani yake kuna kapasita zinazoipa diski muda wa kumalizia kuandika. SSD ya kompyuta mpakato inaweza kumwambia database "nimeshaandika" wakati data bado iko njiani, umeme ukikatika sekunde hiyo, database inaamka mbovu. Diski za kawaida ziwe za CMR, ambazo mistari ya data haipandani. Za SMR, ambazo mistari hupandana, ni za bei nafuu, lakini diski moja ikifa na mpya ikianza kujazwa, kazi hiyo inachukua muda mrefu mno, na wakati mwingine RAID huitoa diski mpya kana kwamba nayo ni mbovu. Nunua mapema diski moja ya akiba kwa kila aina. Ya kufanana huenda usiipate baada ya miaka mitatu.

Sasa umeme. Utahitaji UPS, kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Soma wati, achana na VA, kipimo kingine cha umeme kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. UPS ya 1500VA mara nyingi hubeba wati 900 tu. Seva kama hii yenye mzigo wa kawaida, pamoja na swichi na ruta, hukaa karibu wati 150 hadi 200, kwa hiyo nafasi ipo. Chagua inayotoa wimbi safi la sine. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, na pawasaplai za seva nyingine hulikataa: umeme unakatika, UPS inalia, seva inazima hapo hapo. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, maana inapopasha moto huvuta mzigo mkubwa ghafla. Kama mnatumia jenereta ndogo, nunua UPS ya aina ya online, inayotengeneza umeme wake upya muda wote. Hizi nyingine, jenereta ikicheza, hurukia kwenye betri kila dakika hadi betri inaisha na jenereta bado inanguruma.

Halafu kuna kebo ya USB kutoka UPS hadi kwenye seva, ile inayobaki ndani ya boksi. Ichomeke, sakinisha programu ya UPS, na iagize seva ijizime yenyewe baada ya dakika tano kwenye betri. Betri badilisha kila miaka mitatu, na mapema zaidi kwenye chumba cha joto kama vile vya Dar es Salaam au Mombasa.

Nunua seva ya mnara, inayosimama kama kompyuta ya mezani, achana na ya raki, ile bapa ya kuingizwa kwenye kabati la chuma. Feni ndogo za raki zinapiga kelele ambazo hakuna mhasibu atakayezivumilia. Joto la chumba lisipite nyuzi 35, na seva isikae sakafuni panapomwagwa simenti.

Mtumba si dhambi, lakini kagua. Namba ya huduma ya Dell ukiiandika kwenye tovuti yao inakuonyesha mashine ilitoka kiwandani lini. Zenye DDR3, kumbukumbu ya kizazi cha zamani, ziache. Kwa HPE, baadhi ya masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) hayapatikani bila waranti au mkataba hai. Hesabu trei za diski, maana mara nyingi hupungua. Endesha memtest, programu ya kupima kumbukumbu, usiku kucha, na usome saa ambazo diski zimefanya kazi kwa smartctl, programu ya kusoma hali ya diski. Piga pia hesabu ya umeme: mashine ya wati 200 inakula uniti 144 kwa mwezi, ya wati 70 inakula kama 50.

RAID haikuokoi mtu akifuta folda, wala virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili. Nunua diski mbili za nje, zipokezane kila wiki, moja ikae nje ya ofisi. Isiyotumika ichomolewe, kwani iliyochomekwa muda wote itafungwa pamoja na seva.

Siku ya makabidhiano, kabla ya kumlipa fundi salio, fanya haya mbele yake. Chomoa UPS ukutani uone kama seva inajizima kwa utaratibu. Rudisha umeme uone kama inawaka yenyewe; isipowaka, kuna mpangilio kwenye BIOS. Kama diski zinachomoleka mashine ikiwa imewaka, chomoa moja huku kaunta inauza: mauzo yasisimame, na onyo lifike kwenye barua pepe. Mwisho, rejesha nakala ya database kwenye kompyuta nyingine na ufungue ankara ya jana.