Namna ya kupeleka kero ya wafanyabiashara serikalini na kurudi na jibu

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa chama cha wakamuaji wa alizeti huku kanda ya kati ya Tanzania. Mashine ndogo tupu, mafuta tunauza kwa madumu ya lita ishirini kando ya barabara kuu. Barua yangu ya kwanza kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ilikuwa na kurasa tatu, na neno "kilio" nililiandika mara saba. Nilikuja kuhesabu baadaye. Ilipokelewa masijala, ikagongwa muhuri, ikalala. Miezi minne imepita, nakutana na afisa biashara kwenye foleni ya benki. Kijana mstaarabu, akanisalimia shikamoo, kisha akasema: "Mama, barua yako niliisoma yote. Ila sikuona mahali unaponiambia nifanye nini."

Ninayoandika hapa nilijifunza baada ya foleni ile. Namwandikia aliyechaguliwa juzi kuwa katibu au mwenyekiti, na wanachama wameshaanza kumpigia simu usiku.

Kabla hujashika kalamu, jua umekaa katikati ya nani na nani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, 1971 yakafuata majengo ya kupangisha, na mfanyabiashara akawa mtu wa kutiliwa shaka. Baba yangu alikuwa na duka dogo. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, alichimbia katoni nne za sabuni nyuma ya zizi la mbuzi akaziacha humo. Mvua za mwaka ule zilipokolea, povu likaanza kutoka ardhini na jirani zetu wote wakaliona. Hakukamatwa, lakini tangu siku hiyo hakuandika hesabu ya duka kwenye daftari lolote.

Mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na mlango wa soko ukafunguliwa. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, ikaundwa 1988. Wenye viwanda wakapata shirikisho lao, CTI, mwaka 1991, ndio mwaka ambao kule Zanzibar chama tawala kililegeza masharti ya uongozi hata kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa. TPSF, taasisi ya sekta binafsi, ikafuata 1998, na 2001 likaundwa Baraza la Taifa la Biashara, mwenyekiti wake Rais, viti nusu vya serikali na nusu vya sekta binafsi. Mabaraza ya mikoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, ya wilaya na Mkuu wa Wilaya. Kwenye karatasi, kila kitu kipo. Lakini mtoto wa baba aliyechimbia sabuni bado anaficha hesabu, na ofisa aliyelelewa kumkagua bado anamkagua.

Hapo ndipo chama kinapopata kazi yake. Mfanyabiashara mmoja akilalamika, kesho yake wakaguzi wapo mlangoni, au ndivyo anavyoogopa. Ofisa naye akijifungia ofisini na mwenye mashine mmoja, mtaa utasema amekula. Akikaa na chama chenye ajenda, mahudhurio na muhtasari, amefanya kazi yake. Chama kinamfunika mwanachama jina, kinamfunika ofisa dhidi ya maneno. Ukilisahau hilo ukawaleta wanachama watano ofisini kila mmoja aeleze yake, umeshawavua wote.

Sasa kukusanya ushahidi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vyama vingi vinapoishia.

Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru ambao halmashauri hutoza mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, mazao ya chakula hadi 2, na ikaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Habari nzuri kwetu, kwa sababu wengi wetu tulileta alizeti kwa pikipiki za matairi matatu na vipikapu, magunia manane, kumi. Ila kwenye geti moja la ushuru la jirani, ambalo sitalitaja, mkusanyaji aliendelea kutoza kwa gunia, mzigo uwe mkubwa au mdogo. Kwenye mkutano wetu ilikuwa kelele tupu. "Wanatunyonya!" Nikauliza nani ana risiti. Walikuwa nazo wawili, na moja imefutika, maana zile karatasi za POS, mashine ya kutolea risiti, zikikaa juani kwenye dashibodi zinabaki nyeupe.

Basi nikagawa bahasha za kaki. Kila dereva akipita getini, risiti inaingia kwenye bahasha siku hiyohiyo, nyuma yake anaandika kwa kalamu ya wino: tarehe, idadi ya magunia, kilo za mzani wa mashineni, mzigo ulikotoka. Jumamosi bahasha zinakuja kwangu, ninazipiga picha, ninazipanga kwenye kopo la biskuti. Wiki sita tulikuwa na risiti 57. Nikachora jedwali la safu tano kwa mkono, na safu ya mwisho nikaiandika "kiasi kilichopaswa kutozwa kisheria". Mistari 41 ilikuwa sifuri.

Zile sifuri 41 zilizungumza kuliko mimi. Ona lakini kwamba mistari 16 haikuwa sifuri: hiyo ni mizigo iliyozidi tani, na ushuru wake ulikuwa halali. Mjumbe mmoja alitaka tuiondoe. Nilikataa, na ninakushauri ukatae. Ofisa akikuta umeficha kumi na sita, hatazisoma zile arobaini na moja.

Majina ya wanachama nilibadilisha kuwa herufi: Mkamuaji A, B, C. Risiti halisi zikabaki kwangu, na kwenye barua nikasema zipo kwa ajili ya kukaguliwa.

Kisha uliza: nani mwenye kalamu ya jambo hili? Tulipoteza mwaka mzima kumwandikia Mkuu wa Wilaya kuhusu jambo la sheria ndogo. Mkuu wa Wilaya anaweza kuita watu, kukemea, kusuluhisha, ila sheria ndogo ni ya Baraza la Madiwani na waziri ndiye huiidhinisha. Utekelezaji mbovu wa sheria ambayo ipo ni wa Mkurugenzi. Kodi ya mapato na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haziondoki wilayani hata madiwani wote wakipiga kura. Hizo ni za Wizara ya Fedha na Bunge. Ushuru wa forodha ni mbali zaidi, maana unajadiliwa na nchi zote za Afrika Mashariki. Kwetu jambo lilikuwa jepesi kuliko tulivyodhani: hatukuwa tunaomba sheria ibadilike, tulikuwa tunaomba ifuatwe. Hilo peke yake liliondoa kurasa mbili kwenye barua.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Kichwa kitaje jambo na mahali. Aya ya kwanza: sisi ni nani, tumesajiliwa wapi, tupo wangapi. Aya ya pili: sheria inasema hivi. Aya ya tatu: getini inafanyika hivi, tazama jedwali. Aya ya nne ndiyo ile niliyoambiwa benki kwamba haipo: tunaomba Mkurugenzi atoe maelekezo ya maandishi kwa wakusanyaji kwamba mzigo usiozidi tani moja hautozwi, na yabandikwe getini. Nikamwandikia hata rasimu ya maelekezo hayo, mistari minne. Watu watakwambia unamfundisha kazi. Hapana, unampunguzia. Ofisa ana mafaili mengi mezani, na lenye sentensi ya kunakiliwa hutangulia.

Peleka mwenyewe masijala na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usimwachie karani "utanigongea baadaye".

Usiende kwenye redio kwanza. Redio ni dawa kali. Kuna siku utaihitaji, lakini ukianza nayo ofisa anakuwa mtu wa kujitetea. Hata mgomo. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na sisi tuliotazama mbali tuliwaonea wivu kidogo. Ila mkishasikilizwa viwanjani, Jumatatu mtaitwa ofisini mlete maandishi, na wasio na kopo la biskuti watakuwa na nini?

Mgumu kuliko serikali ni mwanachama wako mwenyewe. Kwenye bajeti ya 2018/19 ushuru wa forodha wa mafuta ghafi ya kula ulipandishwa hadi asilimia 25 na ya yaliyosafishwa hadi 35. Kwa mkamuaji mdogo wa alizeti ilikuwa sherehe. Kwa kiwanda cha pwani kinachosafisha mawese kutoka nje ilikuwa msiba, na mkamuaji yule na kiwanda kile wanaweza kuwa wanachama wa chombo kimoja cha kitaifa. Mkifika huko juu mtaambiwa "sekta binafsi iseme kwa sauti moja". Msikubali haraka. Sauti moja mara nyingi ni ya mwenye ada kubwa. Sisi tulipeleka maoni yetu kama wakamuaji wadogo, tukaandika wazi kwamba wasafishaji wa mawese wana msimamo tofauti na sababu zao. Serikali inapenda kujua mgawanyiko mapema kuliko kuugundua bungeni.

Hapo pia lipo suala la fedha za chama. Mwaka mmoja mwanachama wetu mwenye uwezo alijitolea kutulipia pango la ofisi. Tukapiga makofi. Kufika Machi, kati ya barua tano nilizoandika nne zilihusu leseni yake. Tukarudi kwenye ada ya shilingi elfu tano kwa mwezi na meza kwenye stoo ya mwenyekiti, pananuka mashudu, lakini ni petu.

Si sisi tu. Urusi baada ya Usovieti, umoja mkuu wa wenye viwanda, RSPP, ulianza na wakurugenzi wa viwanda vya zamani vya dola, kisha mabilionea wakaingia kwenye uongozi wake, mpaka watu wakauita kwa kejeli chama cha wafanyakazi cha matajiri. Wadogo wakaunda chombo chao, OPORA, mwaka 2002. Vietnam walianza mageuzi yao mwaka uleule wa 1986. Chemba yao, VCCI, ilizaliwa mikononi mwa serikali na haijaachana nayo, lakini tangu 2005 inawauliza wafanyabiashara mkoa kwa mkoa: leseni inachukua siku ngapi, unatoa hongo kiasi gani, ardhi inapatikanaje. Kisha inaipanga mikoa kwa alama na kuitangaza. Mkuu wa mkoa wa mwisho hapati usingizi. Nikilitazama, ni kopo letu la biskuti lililokua.

Ratiba ishike kichwani. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na hotuba ya bajeti husomwa Juni, kwa hiyo hoja ya kodi ukiipeleka Mei umechelewa. Ipeleke kabla ya Krismasi. Mlango wa mwisho ni Kamati ya Bunge ya Bajeti inapopokea maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, na hapo utapewa dakika chache sana. Hoja za halmashauri nazo zitangulie rasimu yao ya bajeti. Madiwani hukutana kila robo mwaka. Diwani wako apate nakala wiki mbili kabla, si mlangoni.

Barua yetu ya geti ilijibiwa siku ya 33, aya mbili, na mistari yangu minne ilikuwa ndani neno kwa neno, ila kosa langu la herufi walilisahihisha. Hatukurudishiwa fedha zilizokwisha kulipwa. Tuliomba, tukaambiwa mahesabu yamefungwa, nikaona tusipigane na hilo. Fanya tulichofanya siku ile: toa nakala, zipitishe kwenye plastiki, kila gari libebe moja juu ya kioo cha dereva. Miezi saba baadaye mkusanyaji alihamishwa, akaja mpya asiyejua chochote, akamsimamisha dereva wetu mwenye magunia tisa. Dereva hakushuka. Alivuta ile karatasi, akampitishia dirishani, akasubiri asome.