Upande wa Pili Ukificha Nyaraka: Namna ya Kuomba Mahakama Iwaadhibu

Kwanza onyesha kwamba waraka unaoudai uliwahi kuwepo. Maombi mengi hukwama hapo. "Tunaamini wanaficha kitu" ni hisia tu, na jaji haadhibu mtu kwa hisia.

Mimi huanza na walichokwisha kutoa. Nasoma kila barua nikisaka maneno "kama kiambatisho kinavyoonyesha", kisha nakitafuta kiambatisho chenyewe. Namba za kurasa zikiruka kutoka 14 hadi 19, tayari nina swali. Muhtasari wa kikao ukisema mhasibu ameagizwa kuandaa ripoti, ripoti hiyo iko wapi? Kazi hii inachosha macho, lakini ndiyo inayoshinda maombi.

Ukipata pengo, waandikie. Taja waraka, tarehe yake, aliyeuandika na hoja ya kesi ambayo waraka huo unaigusa, kisha wape muda wa kujibu. Usitishe wala kutukana, maana barua hiyo itakuwa kielelezo chako. Wakikaa kimya au wakizungusha maneno, omba amri watoe waraka au waeleze kwa kiapo ulikokwenda. Usiiruke hatua hii: adhabu nzito kwa kawaida hufuata amri iliyovunjwa.

Adhabu nyepesi ni kulipishwa gharama za maombi. Kuna kuzuiwa kutegemea waraka waliouficha, na kuna mahakama kuchukulia kwamba waraka uliopotea ungewaumiza wao. Mwisho kabisa ni kufutiwa madai au utetezi. Omba kinacholingana na madhara uliyopata. Ukidai utetezi wote ufutwe kwa sababu ya risiti moja, jaji ataanza kukutilia shaka wewe.

Katika kesi ya Laura Zubulake dhidi ya benki ya UBS Warburg, New York, baadhi ya baruapepe za benki zilifutwa ingawa mawakili wake waliagiza zihifadhiwe. Mwaka 2004 Jaji Shira Scheindlin aliamua jopo la waamuzi (raia wanaoamua kesi) liambiwe kwamba linaweza kudhani zingeiumiza kampuni. Mwaka 2005 jopo likampa mama huyo zaidi ya dola milioni 29. Tangu Desemba 2015, mahakama za shirikisho za Marekani hazitoi agizo la kudhani hivyo kwa data za kielektroniki zilizopotea bila kuthibitishwa nia ya kuunyima upande mwingine ushahidi. Kwa hiyo, kuonyesha nia hiyo, katika kiapo chako weka tarehe mbili pamoja: siku walipopokea notisi ya madai, na siku faili lilipofutwa.

Na kabla ya kusajili maombi, pekua simu na baruapepe za mteja wako mwenyewe. Mawakili wa upande wa pili watauliza.